Mahindi Marefu ya Abdulswamadu

Msimu uliopita bwana shamba wa Mlali aliwapa Stara na mumewe, Abdulswamadu, mbegu chotara za aina mbili wazijaribu. Aina moja ilizaa mahindi marefu kama mkono wa mtu. Nyingine ilizaa mafupi, manene, punje zimebanana hadi nchani. Abdulswamadu aliyaning'iniza yale marefu barazani, na kila mgeni akaitwa ayatazame.

Stara aliyapukuchua yaliyobaki ya kila aina, na debe la mafupi likajaa kwa mahindi machache zaidi. Hindi refu lilikuwa na gunzi nene, mistari michache ya punje, na punje zenyewe fupi na nyepesi. Lile fupi gunzi lake lilikuwa jembamba, na punje zilizama ndani kama meno ya ng'ombe. Alimweleza mumewe kwamba urefu haujazi ghala. Mume akacheka mbele ya wageni, akasema mwanamke huhesabu sufuria, shamba lina wenyewe.

Mvua za msimu huu zilipoanza, Stara alikuwa Hombolo akimuuguza dada yake, Yusra. Aliporudi, alikuta shamba zima limepandwa mbegu ya mahindi marefu, pamoja na kile kipande alichoachiwa na baba yake. Hakuulizwa.

Mahindi yalikomaa, majirani wakasifu. Siku ya kupukuchua, rundo la magunzi lilipanda juu kuliko rundo la punje. Abdulswamadu alilaumu mvua, kisha akailaumu mashine, mwishowe akasema Stara ameanika vibaya. Hapo Stara akasimama. Alichukua hindi moja, akalivunja katikati, akamwekea mumewe kiganjani.

"Baba Nasra, niambie mvua imeingiaje hapa. Hili ni gunzi. Umepanda magunzi kwenye shamba la baba yangu."

Waliokuwa wakipepeta wakaacha. Abdulswamadu alimwambia kwa sauti ya chini asimwaibishe mbele za watu.

"Mwaka jana ulinicheka mbele za watu," Stara akasema. "Leo sitanong'ona."

Kabla ya mfungo aliwaita wazee wa ukoo wake, wakapanda miti ya minyaa kwenye mpaka wa kipande chake. Mumewe alikaa kando, hakupinga wala hakusaidia. Chakula kilikwisha mapema mwaka ule, wakala uji mwepesi, na kila bakuli lilimwongezea Stara uchungu.

Msimu mpya alichukua kwa bwana shamba mbegu ya mahindi mafupi, akaipanda upande wake. Abdulswamadu alikuja mpakani, akaomba mbegu kidogo akapande upande wake mwenyewe. Stara alimmiminia kwenye kofia. Mume alitaka kusema jambo, na Stara akaona midomo yake inatafuta maneno, lakini hakumngojea. Aliinama, akaendelea kuchimba mashimo, na jembe lake lilipiga ardhi kwa nguvu zaidi kuliko udongo ulivyohitaji.