Mufalme Mwenye Kukohoa

Corona ilipofunga masomo, makanisa na baa, watu wa Nyakasanza, mutaa wa Bunia, walisema: basi, ni mambo ya dunia, itapita. Ilipofunga sine ya muzee Gaspard, nyumba yake ya kuonyeshea film, ndipo waliamini kwamba ugonjwa iko kweli.

Sine yenyewe haikuwa kitu cha kuonyesha wageni. Nyumba ya mbao na mabati, mabenchi yaliyotoka kanisani kwa njia ambayo hakuna mutu aliuliza, na televizio mbili juu ya meza moja: moja ya picha, ingine ya sauti, maana kila moja ilikuwa na ulemavu wake. Lakini muzee aliijenga vita ilipoisha, ubao kwa ubao, na watu waliokuwa hawasalimiane barabarani walikaa mule benchi moja, wakaogopa shefu bandi mumoja, ule mubaya wa film. Hiyo haikuwa kitu kidogo Bunia.

Mujukuu wake wa kike, Plamedi, ndiye alikuwa mudomo wa sine. Alipata diploma yake ya État, ya kumaliza sekondari, akangoja kazi, kazi nayo ikamungoja, hawakuonana. Muzee akamuweka mulangoni. Pale aliwatangazia wapita njia film ya siku ile: akteri ni nani, shefu bandi ni nani, mapenzi iko ao haiko. Na kwa watu wa sine, akteri si kila mutu mwenye kucheza film. Akteri ni mumoja tu, ule mwenye haki, ule risasi zinamukwepaka kwa heshima. Wengine wote ni watu wa kufa.

Mulango ulipofungwa, Plamedi aliuhamisha ndani ya simu. Alifungua gurupe ya WhatsApp, wateja wakaingia wote, hata wale waliozoea kuchungulia kwenye tundu la ubao. Kila Jumamosi familia ilitazama film mupya nyumbani, mapazia yameshushwa, jenereta ikinguruma inje. Kesho yake Plamedi anatuma sauti ya kuipima film ile. Film hii ni nzuri mpaka katikati, kisha mwenye kuitengeneza akasikia njaa. Film hii, akteri anakimbia saa nzima na shati iko inang'aa. Mimi nafuaka nguo, musinidanganye. Film hii ya mapenzi, bibi analia vizuri, lakini bwana analia kama mutu mwenye kutafuta chafya. Alisifu kwa ubahili, akasema vibaya kwa ukarimu, na watu walimupendea ubaya ule ule.

Film zenyewe zilitoka kwa Kasereka, muuzaji wa soko, mwenye kuzitia ndani ya flash. Mupaka wa Uganda ulifungiwa watu, haukufungiwa sabuni, na ndani ya lori za sabuni kulikuwa nafasi kidogo ya vitu vingine. Kazi ya kuchagua ilikuwa ya muzee. Na hapo ndipo Plamedi alianza kuona kitu cha ajabu.

Miaka yote muzee alikuwa mutu wa film za machozi. Harusi ikivunjika kwenye televizio, alishika kifua kama ni yeye alitoa ng'ombe. Sasa gafula alitaka vita tu. Mizinga, helikopta, daraja kupasuka. Na sauti juu kabisa, mpaka bibi yake wa ndoa, Elisabeth, koko ya Plamedi kama yeye muzee, akalalamika kwamba kuku wameacha kutaga. Tena kila risasi zikianza, muzee aliinama nyuma ya kiti. Plamedi alifikiri ni uzee, umeanza kumuogopesha.

Kisha Jumamosi moja, vita ikiwa kali, jenereta ikazimika. Helikopta zikanyamaza, bunduki zikanyamaza, na ndani ya giza kikohozi kikaendelea peke yake kupigana.

Muzee alikohoa mpaka akamaliza, akafuta mudomo, akauliza kama mafuta ya jenereta imeisha, kwa sauti ya mutu mwenye kupita tu pale.

Ni koko Elisabeth aliyemwambia Plamedi yote, jikoni, akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu kupita sombe ilivyohitaji. Kikohozi kilianza zamani. Mchana muzee alikuwa anawasha jenereta, si kwa ajili ya umeme, ni apate kukohoa bila majirani kusikia. Usiku alikuwa anauma blanketi. Pumzi inapungua, na kwenda hospitali hataki hata kusikia jina lake. Haikuwa dawa aliogopa. Alisema maneno yale kila siku, na Elisabeth aliyajua kwa kichwa:

—Nikienda, bataandika corona. Na siku corona itaisha, nani ataingia mu sine ya muzee wa corona? Heri nikufe na jina ya sine iko safi.

Plamedi alitaka kucheka, akaona koko wake anatwanga kinu ambacho kimekuwa tupu, akaacha.

Kesho yake alituma sauti yake ya kila Jumapili. Alikuwa na haraka, hakuisikiliza mbele ya kuituma. Kumbe katikati, pale anaposema kwamba shefu bandi wa film hii angepata kazi nzuri ya ualimu, nyuma ya ukuta kikohozi cha muzee kiliingia, kizito, kirefu, na mwisho wake wenye mluzi.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Ézéchiel, mwendesha moto, ni kusema pikipiki, mutu ambaye simu yake inalala kabla yeye hajalala. Aliuliza nani ule anakohoa. Wengine wakarukia. Mutu mumoja akaandika kwamba kikohozi kama kile anakijua, akaacha hapo, na kuacha hapo ndiko kulimuogopesha Plamedi. Vidole vyake vilijibu mbele ya akili: ile si ya mutu, ni ya film ingine, film mupya, ilikuwa inacheza nyuma.

Film gani?

Uongo ni kama mutoto wa mbuzi: ukimuingiza ndani, atadai majani. Plamedi alijifungia chumbani, akarekodi. Film hii, alisema, ni ya mufalme mumoja wa inchi ya barafu. Mufalme ule iko na nyumba kubwa ambamo watu wote wanakujaka kusikiliza hadithi, maadui na marafiki, benchi moja. Sasa anashikwa na kikohozi. Juu ya mulima kuna watu wamevaa nguo nyeupe toka kichwa mpaka miguu, macho tu njo inaonekana, na wao njo wako na dawa, lakini mbele ya kukupa wanakutia kijiti mu pua. Mufalme hataki kupanda. Anasema: nikienda, watu watakimbia nyumba yangu. Malkia analia, mufalme anakohoa chini ya kelele ya ngoma ili watu wasisikie. Hapo Plamedi alikatisha, akauliza gurupe: mufalme aende ao abaki?

Simu ilitaka kuwaka moto.

Ézéchiel alisema mufalme mwenye kuogopa kijiti si akteri, ni wale wanaobebaka mizigo nyuma. Mama mumoja muuza samaki wa Kasenyi alimukemea: kijiti si neno, neno ni kuficha, akificha hiki, mimi najuaje anaficha nini ingine? Nyumba yake siingie tena. Mwingine akasema ule mwenye alipanda na akarudi njo mutu wa kukaribia, maana ameisha pimwa. Tuogope wale hawajapanda, ni kusema siye wote. Walibishana mpaka mangaribi. Wawili walitukanana juu ya malkia. Hakuna hata mumoja aliyesema kwamba angekimbia nyumba ya mufalme mwenye kupona.

Mwenye taabu alikuwa Kasereka. Watu walimuvamia sokoni wakidai film ya mufalme, wakamushitaki kwamba anaiwekea matajiri. Alikuja mpaka mulangoni kwa Plamedi, cache-nez, barakoa yake, chini ya kidevu, akaomba amwambie basi hata jina. Plamedi akasema imekwama mupakani. Siku iliyofuata Kasereka alikuwa anauza film moja: barafu ilikuwamo, muzee alikuwamo, kikohozi hakikuwamo. Wateja wakamuambia ameikata kipande kitamu.

Jioni muzee Gaspard alimuita Plamedi chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, simu mukononi. Sauti zote za gurupe alikuwa amezisikia, na ya mufalme alikuwa ameirudilia.

—Ile film, flash yake iko wapi?

—Iko njiani, koko.

—Na akteri ni nani?

—Ni mufalme.

—Una hakika? Maana mi naona anafanya kama shefu bandi. Bibi yake analia kila siku.

—Ni akteri. Ni mwanzo tu akili haijaingia. Ma-akteri bote bakosaka akili mwanzoni, bila vile film inaisha mbio.

Muzee alikohoa. Jenereta haikuwa inanguruma. Alikohoa wazi, mbele ya mutu, kwa mara ya kwanza, na mwisho wake akangoja pumzi irudi kama mutu anayengoja mugeni mwenye kuchelewa.

—Na akteri hakufake, hata siku moja, alisema.

Plamedi, mwenye kujibu mapolisi, mapadri na walevi, alisogeza kiti karibu. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Alimuangalia mabega, jinsi yalivyokuwa yanapanda na kushuka.

—Mu film hakufake. Mu hospitali, sijue, koko. Lakini ule mwenye kubaki nyumbani na kukohoa nyuma ya jenereta, huyo si akteri. Huyo ni ule wa kufa wa kwanza, mwenye hata jina habaandike.

Muzee aliweka simu kitandani.

—Corona ilifunga kila kitu, alisema, ikasahau mudomo ya huyu mutoto. Lete viatu yangu.

Aliweka masharti, hata hivyo. Gari ya hospitali, ile ya kupiga kelele, isikanyage pale. Padri wa jirani atoe yake. Majirani waambiwe ameenda Irumu kuona ng'ombe. Na atavaa koti ya harusi, kwani mufalme hapandake mulima na singileti. Garini Elisabeth akakaa naye nyuma, kikapu mapajani, akamuambia afunge mudomo abaki na pumzi ya kufikia.

Kijiti kilisema corona. Walimulaza, wakamutilia hewa ya chupa puani.

Plamedi alibaki peke yake na film, na utani ukamukimbia. Jumapili ile alisifu film mbovu kabisa. Iliyofuata akasema akteri amejitahidi. Ézéchiel akauliza kwenye gurupe kama dada yetu iko mugonjwa. Plamedi alikuwa anaangalia simu akiogopa ilie, kisha akiogopa isilie. Mwishowe ililia, na ilikuwa koko Elisabeth, sauti yake imechoka na imekasirika: muzee ameamuka anadai chumvi, anasema maharagi ya hapa yamepikwa na mutu asiye na mama, manesi wote ameisha bagombeza. Plamedi alikaa chini, palepale kwenye vumbi la uwanja, akalia. Kisha akatuma sauti ya kuisema vibaya ile film mbovu, na gurupe ikafurahi.

Muzee alirudi koti ikimuning'inia kama kwenye musumari. Kwa majirani alisifu ng'ombe wa Irumu.

Sine zilipofunguliwa tena, watu walijaa toka asubuhi, cache-nez usoni, wakakaa pale alama za chaki juu ya mabenchi ziliwaambia wakae, na wakadai film moja tu: ya mufalme. Plamedi alijaribu kuwatangazia ingine yenye helikopta. Wakapiga miguu chini. Basi muzee Gaspard alitoka nyuma, akasimama mbele ya televizio zake mbili, akasema polepole kwamba film ile haiko, haijatengenezwa na muzungu yeyote, na ng'ombe za Irumu hakuona hata mukia.

—Mufalme ni mimi. Nilikuwa nayo, nimepona, karatasi ya dokta iko hapa. Mwenye anaogopa, mulango haijafungwa.

Mutu mumoja nyuma alikohoa kwa ajili ya vumbi, na watu wote wakamugeukia kama ndiye mwizi. Kisha Ézéchiel akasimama. Akaenda mulangoni, akaufungua. Plamedi aliona mikono ya muzee inashika meza.

Ézéchiel alitoa kichwa inje, akaita wenzake waliobaki juu ya moto zao: bakuje mbio, muzee mwenyewe njo anahadisia.

Hakuna film iliyoonyeshwa siku ile. Walimuuliza kijiti kinafika wapi, na muzee akaonyesha urefu ambao ungetokea kwenye kisogo. Alisema aliingia mule kwa miguu yake, hakuogopa, alifariji wagonjwa wengine, na chupa ya hewa aliikubali kwa heshima ya dokta tu. Plamedi, mwenye kujua uongo unavyoshonwa, alihesabu nyuzi na kunyamaza. Lakini koko Elisabeth alikuwa kwenye benchi la mbele, na yeye hakuwa mutu wa kunyamaza. Alieleza jinsi bwana yake, kuona kijiti, alimushika mukono na kuita mama yake, marehemu. Alieleza jinsi yeye mwenyewe alilala kwenye sakafu chini ya kitanda, na kumupangusa, na kumulisha, na kumuamuru apumue kila alipotaka kuacha. Alisema kwa kifupi. Watu walisimama kumupigia makofi.

Kesho yake, mbele Plamedi hajarekodi kitu, Ézéchiel alikuwa ameisha tuma hukumu yake. Film nzuri sana, alisema. Tena ya kweli. Ila tumuombe muzee asikasirike: akteri alikuwa mama Elisabeth. Muzee yeye alikuwa ule wa kubebwa.

Gurupe yote ikakubali. Muzee Gaspard alikasirika wiki nzima. Alikuwa anazunguka uwanjani na koti yake, akimuambia kila aliyepita kwamba alipanda mulima, akatiwa kijiti, nusura akufe, na mwisho wake nafasi yake imechukuliwa na bibi yake mwenyewe, mutu ambaye hata film hapendi.