Namba Kumi na Saba Haikusikika

Stanley Thackray alimaliza maili hamsini za baiskeli kwa saa mbili, dakika mbili na sekunde tisa, na asubuhi ile ya Juni 1953 hakuna mwingine Yorkshire aliyeikaribia kasi hiyo. Alijitupa majanini, mapaja yakimtetemeka, akajua anakwenda Ubelgiji. Timu ya kwenda huko Agosti ilikuwa imebakiza nafasi moja tu, nayo ilikuwa ya mshindi wa leo. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mwakani wateuzi wasingemtazama hata kwa jicho la huruma.

Ndani ya ukumbi wa kanisa, Bwana Crowther, mshika saa, alikuwa akiandika muda wa kila mtu ubaoni kwa chaki. Mbele ya namba kumi na saba alichora mstari mtupu.

"Bwana Crowther, umeniruka."

"Sijakuruka, Stanley. Mzee Sugden hana namba yako pale kwenye kugeuka."

Mashindano haya ndivyo yalivyo. Nusu ya njia mzee husimama katikati ya barabara na daftari, nawe unamzunguka ukipaza sauti namba yako, kisha unarudi ulikotoka. Usipoandikwa hukufika, hata kama umefika.

"Nilipiga kelele mpaka koo likawaka!"

Mzee Sugden alifungua daftari lake taratibu, utadhani ana siku nzima. "Kumi na moja nilisikia. Kumi na saba, hapana."

"Lakini uliniona, mzee! Nilikupita hapo puani!"

"Nilikuwa nimeinama naandika kumi na moja, mwanangu. Mimi siandiki nisichosikia."

Stanley alitamani kulitafuna lile daftari. Miaka kumi na minne ya mvua na makalio yenye malengelenge, leo inapimwa kwa sikio bovu la mzee! Hata hivyo, rufaa ilikuwapo. Angeandika barua, wangebishana, pengine wangelegea.

Kumi na moja alikuwa Ernie Lumb, jirani yake na mwenzake wa klabu, aliyeondoka dakika sita kabla yake. Alisimama karibu na birika la chai, akichekelea kama bwana harusi, maana hakuwa amewahi kuendesha vizuri namna ile. Stanley alikuwa amemkuta palepale kwenye kugeuka. Ni Ernie peke yake aliyemwona, na ni Ernie peke yake asiyetakiwa kusema, kwa sababu katika mbio hizi kila mtu hupambana na saa peke yake. Kwenda pamoja na mwenzako, mmoja akimkinga mwingine upepo, ni wizi.

"Ernie," Stanley alisema, akimkazia macho, "kunywa chai yako."

"Sinywi! Mnamwonea huyu! Alikuwapo! Tuligeuka bega kwa bega, nikamsikia kwa masikio yangu!"

Bwana Crowther akaweka chaki chini.

"Bega kwa bega? Mpaka wapi?"

"Ah, si mbali. Hatua mia mbili hivi, ndipo akaniacha."

Wahenga walisema ulimi huponza kichwa, ila hawakusema kichwa cha nani. Bwana Crowther alifuta namba zote mbili. Miezi mitatu nje ya mashindano, kila mmoja. Na rufaa ingeandikwa nini sasa, wakati shahidi amekwisha kukiri?

Nje, Ernie alikuwa akilia waziwazi. "Nilitaka kukusaidia, Stan."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukupiga kofi."

"Sasa tufanye nini?"

"Twende nyumbani. Maili kumi na nane, na upepo wa uso. Wewe tangulia. Leo upepo wote ni wako mpaka mlangoni kwangu, na usinigeukie nyuma."

Ernie akatangulia. Stanley alimfuata, gurudumu karibu ligusane na gurudumu, na kila walipofika kilima alilazimika kushika breki asimpite. Miguu ilikuwa bado na nguvu tele, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.