Baruti Juu ya Meko

Pale Nyamianda, mtaa wa Uvira, kila mwenye bunduki ya kuwindia alijua kwamba baruti haiandikiwi siku yake ya kufa kwenye mkebe. Siku hiyo aliijua Basile peke yake, kwa pua. Kwa miaka ishirini na sita mzee huyu alikuwa akijaza upya maganda ya katushi, zile risasi za bunduki, yaliyokwisha kupigwa, na kabla ya kugusa kitu chochote hufungua mkebe, huinama, na hunusa. Baruti ikinuka ukali kama rangi ya kucha, anafanya kazi. Ikinuka uchachu, anakwenda kuimwaga bustanini, na mwenye kulia alie. Siku moja alimwaga mkebe mzima mbele ya bwana mkubwa mmoja aliyekuja kwa gari, na bwana mkubwa huyo hakufua dafu. Watu walimtania kwamba akikunusa wewe atakuambia utakufa mwaka gani.

Basi asubuhi ya Jumanne alikuja Félicien, mkulima wa mihogo kutoka Kiliba. Nguruwe pori walikuwa wamemaliza nusu ya shamba lake, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa chakula cha watoto sita. Basile alishusha mkebe kutoka kwenye uchaga wa jikoni, juu ya meko, akafungua, akanusa, hakuona ubaya. Akamjazia katushi tano. Félicien akaaga, akisema jioni jua likilegea atawavizia kando ya mto.

Saa kumi alasiri Olga, mke wa Basile, alikuwa akipika sombe, mboga ya majani ya mihogo, huku mumewe akipangusa vyombo vyake mlangoni. Mkebe ulikuwa bado wazi juu ya kigoda.

"Papa Dorine, utoshe ile kitu yako hapa, uipeleke inje," alisema, akimwita kwa jina la binti yao. "Iko inanuka sawa maji ya betri."

Basile alimuuliza tangu lini. Olga akajibu bila hata kugeuka kwamba ni tangu mwezi wa saba, na kwamba yeye alidhani ndivyo kazi yake inavyonuka.

Basile aliuinua mkebe akaingiza pua. Hakusikia kitu. Akachukua kitunguu kikapuni, akakikata vipande viwili, akakiweka puani mpaka macho yakatoa machozi, lakini pua ilikaa kimya. Akafungua chupa ya mafuta ya taa. Kimya vilevile. Hapo akakumbuka mafua ya Pasaka, yaliyomlaza wiki mbili, na jinsi tangu siku zile alivyokuwa akimsumbua Olga kwamba siku hizi mboga zake hazina ladha. Maskini mwanamke wa watu, ameongeza chumvi miezi mitano bila kosa. Na yeye miezi yote hiyo alikuwa ananusa kwa mazoea tu. Anainama, anavuta pumzi, na kumbukumbu inamletea harufu ya zamani.

Alitoka na mkebe juani. Ndani ya kifuniko kulikuwa na madoa mekundu ya kutu ambayo, kule jikoni penye giza, alikuwa ameyadhania masizi. Akaizamisha baruti yote kwenye ndoo ya maji. Baruti iliyooza haitabiriki. Inaweza kuwaka kivivu, chembe za risasi zikabaki katikati ya mtutu, na mwindaji asiyejua akapiga ya pili juu yake. Hapo bunduki hupasukia usoni.

Alimpigia Félicien simu. Imezimwa, bila shaka, kwa sababu hakuna anayevizia nguruwe huku simu inaimba mfukoni. Basile akasimamisha pikipiki barabarani, akapanda bila kuuliza bei.

Njiani alijichukia kwa jambo moja zaidi. Uchaga ule ulikuwa fundisho la baba yake, aliyewinda juu kule Rurambo, kwenye ukungu unaolowesha hata kibiriti mfukoni. Baba alitumia baruti nyeusi ya kutwanga kwa mkono, na adui wa baruti ile ni maji, kwa hiyo kila mwindaji aliiweka juu ya moto. Lakini hii ya kiwandani adui wake ni joto. Mtu aliyemuuzia kule Bujumbura alimwambia aiweke mahali pa baridi, na Basile akamcheka moyoni: muuza duka atamfundisha nini mtoto wa mwindaji? Akaja nayo Uvira, chini ya mabati, kwenye joto linaloyeyusha mshumaa, na juu ya hayo akaiwekea meko. Aliipika kama nyama ya kukausha, tena kwa uangalifu mwingi.

Akili yake, pikipiki ikizidi kukimbia, ilimtafutia njia ya kutoroka. Angesema kwamba amekosea chembe za risasi, kwamba ni ndogo mno kwa nguruwe, alete azibadilishe. Katushi zingerudi na jina lake lingebaki. Mficha maradhi kilio humfichua, naam, lakini methali ni rahisi kuitumia kwa ugonjwa wa jirani.

Alimkuta Félicien amechuchumaa nyuma ya mihogo, bunduki magotini, jua likiwa limeinama upande wa milima. Kutoka mtoni majani yalikuwa yanatikisika. Basile akamweleza uongo wake kwa kunong'ona, huku akihema.

Félicien akatabasamu. Akamwambia asijali, chembe zikiwa ndogo yeye atasogea karibu zaidi. Akaanza kuinuka, kidole kikitafuta mahali pake.

Basile akamshika mkono.

"Nimekudanganya," alisema. "Ile baruti imeoza. Minye sisikie tena harufu, Félicien. Pua yangu ilikufa tangu Pasaka, na nimejua leo."

Akangoja kicheko, au tusi. Aliona kwamba angelistahili lolote kati ya hayo. Félicien alifungua bunduki polepole, akaitoa katushi, akaishika kiganjani. Hakuinusa.

"Muzee, minye niliisikia asubuhi," alisema. "Pale pale ku meza yako. Ilikuwa inanuka vibaya."

"Na haukusema?"

"Nilisema mu roho yangu: muzee Basile amenusa, amepitisha. Pua yangu ni nini mbele ya yake?"

Nguruwe walitoka majini, mmoja, kisha watano, wakaingia kwenye mihogo kwa kelele za meno, na Félicien aliwatazama tu, bunduki tupu mkononi. Kisha akatoa zile katushi nne nyingine mfukoni, akamkabidhi mzee.

Basile alikaa chini kwenye tuta. Njia nzima alikuwa ameogopa kwamba watu wataacha kumwamini, na sasa aliumia kifuani kwa sababu walikuwa wamemwamini. Akaanza kuwataja kwa vidole wale aliowajazia tangu Pasaka: Sévère, Ngendakumana, Hagenimana wa kule Rurambo, ndugu wawili wa Bijombo ambao majina yao hata hakuyashika vizuri. Wote walikuja mezani kwake. Wote walikuwa na pua nzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Alitoa simu yake, akaanza na Hagenimana, kwa kuwa ndiye aliyechukua nyingi. Simu iliita muda mrefu. Alipopokea mwanamke, Basile alimsalimu kwa haraka, akauliza mumewe yuko wapi, akaambiwa hayupo, kisha akauliza kama ameondoka na bunduki.