Gunia Lenye Mwenyewe

Mtu akikwambia lubisi ni lubisi tu, ujue huyo hakuwahi kunywa pombe ya ndizi ya nyumbani kwa Protase enzi za mkewe. Watu walitoka Muhutwe wakapanda mlima hadi huku Kamachumu, jasho linawatiririka, eti wamekuja kusalimia. Salamu gani hizo za kukaa mpaka kibuyu kikauke? Protase alijua walichofuata, nao walijua kwamba anajua, na hakuna aliyeona haya.

Sifa zote alizichukua yeye. Si ndiye aliyezivundika ndizi shimoni? Si ndiye aliyezikanyaga na nyasi kwenye mtumbwi wa mti mpaka maji matamu yakatoka? Mwanamke hakanyagi ndizi, na hilo nyumbani kwa Protase halikuwa na mjadala. Kazi ya mkewe Klaudia ilikuwa kimea. Alilima mtama wake mwenyewe kule rweya, kwenye nyasi nje ya vibanja vya migomba, akauloweka, akauotesha, akaukausha na kuusaga. Unga huo ndio uliotiwa kwenye maji ya ndizi yakachachuka. Na kama vile mwanamke asivyokanyaga ndizi, mwanamume naye hachungulii mahali mtama unapooteshwa. Kwa miaka thelathini na mmoja Protase hakuchungulia, na wala hakuuliza.

Klaudia alikufa kwa homa ya siku nne, Novemba ya mwaka sabini na tano, senene wakiwa wamejaa tele. Mwaka huo Protase hakula senene hata mmoja. Watu walisema ni huzuni, wakasema itapita, wakarudi makwao. Haikupita. Kilichomshangaza ni kwamba hakumkumbuka zaidi kitandani wala mezani. Alimkumbuka mdomoni. Kila alipotengeneza lubisi ilitoka kali na nyepesi, haina ule utamu uliokuwa unabaki kwenye koo baada ya kumeza, na kila funda lilimwambia upya kwamba mkewe hayupo.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Padri alikwisha kukubali kusoma misa ya kumbukumbu, na baada ya misa watu wangekuja kunywa. Protase alikuwa na neno moja tu moyoni: siku hiyo wanywe lubisi ya Klaudia. Hakutaka lubisi nzuri. Alitaka ya Klaudia, aionje tena mara moja, basi.

Alijaribu kimea cha Felicitas, mke wa mwanawe. Felicitas alikuwa binti mwenye bidii na mtama wake aliufanya kwa moyo wote, lakini ulitoka mchungu. Protase alikunywa kibuyu kizima mbele yake bila kukunja uso, maana angefanyaje? Kisha akajaribu kimea cha duka la kijiji. Hicho kilinuka gunia. Byabato, mwenyekiti wa kijiji na rafiki yake tangu utoto, alivuta mrija mara mbili akauweka chini.

"Ndugu yangu," Byabato alisema, "hii lubisi yako nayo imeingia ujamaa. Sasa iko sawa na ya kila mtu."

Walicheka wote waliokuwapo, na Protase akacheka nao. Walipoondoka alikaa peke yake na kile kibuyu na akalia.

Ni Byabato huyohuyo aliyempa habari za Bukoba mjini. Serikali ilikuwa imetaka biashara ziende kwenye ushirika na maduka ya vijiji, na Wahindi wengi walikuwa wanafunga. Alikuwapo mjane mmoja, Dhanlaxmi, mke wa marehemu Thakorbhai, ambaye duka lao liliuza kimea kwa magunia kwa wapika pombe wa mjini. Kabla ya mwisho wa mwezi angemfuata mwanawe Uingereza. "Nenda ukaonje huko," Byabato alisema. "Ukikosa huko, basi ridhika na cha Felicitas."

Protase alipanda basi la asubuhi akiwa amevaa koti lake la kanisani.

Duka lilikuwa nusu tupu. Rafu zilibaki na alama za vitu vilivyokaa pale miaka mingi. Bibi mmoja mfupi, mvi zimejaa, alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya mizani, na mbele yake magunia matatu yamefunguliwa midomo.

"Shikamoo ni yangu au yako, mzee?" aliuliza yule bibi.

"Tugawane, mama," alisema Protase, na wote wakatabasamu kidogo.

Akainama kuonja. Kimea hakinunuliwi kwa macho. Unang'ata punje, unangoja ulimi ukwambie. Punje ya gunia la kwanza ilikuwa ngumu, haikuota vizuri. Ya pili ilikuwa na ukakasi. Ya tatu haikuwa mbaya, mtu mwingine angeichukua na kushukuru Mungu, lakini Protase aliitema kiganjani. Akasimama, mgongo unamuuma, akijisikia mzee kuliko alivyotoka nyumbani.

Ndipo alipoliona gunia la nne. Lilikuwa peke yake juu ya kasha, pembeni, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Na fundo lile alilijua. Mizunguko miwili, kisha ncha imerudishwa ndani na kufichwa. Ndivyo vilivyofungwa vibuyu vyake, kuni zake, na hata nguo za wanawe walipokwenda bweni.

"Lile ni kiasi gani?"

"Lile haliuzwi," alisema Dhanlaxmi. "Lina mwenyewe."

"Nani?"

"Mama mmoja wa kwenu huko juu. Mama Klaudia. Namngoja aje alichukue, mwaka mzima sasa simwoni, nami nasafiri. Unamfahamu?"

Protase alishika ukingo wa meza. "Ni mke wangu," alisema. "Tulimzika Novemba iliyopita."

Bibi yule alivuta ncha ya sari akajifunika kichwa. Akazunguka meza, akamletea kile kigoda chake na kumkalisha.

"Wewe ndiye Protase," alisema. "Yeye ndiye aliyekufa, na wewe uko hai."

Lilikuwa neno la ajabu kuambiwa. Dhanlaxmi akaanza kueleza taratibu. Kila msimu, miaka kumi na miwili, Klaudia alikuwa akimletea kimea kwa basi. Alikuwa akiketi palepale kwenye ngazi wakanywa chai, wakazungumza habari za watoto. Hicho ndicho kimea kilichokuwa kikigombewa na wapika pombe wa mjini. Protase alisikiliza ameduwaa. Kumbe sabuni na mafuta ya taa, kumbe daftari za watoto? Maskini, miaka yote hiyo alidhani vinatoka kwenye kahawa yake.

"Na hili gunia?" aliuliza.

Dhanlaxmi alisita. "Usikasirike, mzee."

"Sikasiriki."

"Hili ni la msiba wako."

Alimweleza. Mwaka uleule aliokufa Klaudia, kabla ya homa yake, Protase alilazwa miezi miwili kwa kifua, na daktari hakuwa na maneno mazuri. Klaudia akaja na gunia hili akaomba litunzwe mbali na nyumbani, maana kuliweka ndani ya nyumba ni kumwitia mgonjwa kifo. "Alisema, 'Nikifiwa sitakuwa na nguvu za kukesha na mtama. Na sitaki siku ya mume wangu watu wanywe lubisi mbovu. Ataona haya hata kaburini.'"

Protase alicheka. Alicheka kwa sauti, kwa sababu ndivyo hasa Klaudia alivyokuwa akisema mambo.

"Kukesha na mtama?" aliuliza. "Kukesha vipi?"

"Hukujua?" Dhanlaxmi alimtazama kwa mshangao. "Mtama ukiota unapata joto. Usipogeuzwa unachacha, unakuwa mchungu. Yeye aliamka usiku mara tatu, mara nne, siku tatu mfululizo, akaugeuza kwa mikono. Mimi nilimuuliza siri yake, akaniambia. Halafu akasema, 'Mume wangu anauonea mtama wivu.'"

Ni kweli. Protase alikumbuka kila kitu, kitanda kikipoa upande mmoja, na yeye akinung'unika, wewe mwanamke unakwenda wapi, unaniacha na baridi. Klaudia alikuwa anajibu tu, lala. Alirudi na mikono yenye unyevu, inanukia nafaka mbichi, akaiweka mgongoni kwake ili aipashe moto, na Protase akawa anaisukuma. Angetoa nini sasa ili awekewe mikono ile mgongoni? Angetoa kibanja chote na kahawa yake yote.

Dhanlaxmi hakutaka malipo. Gunia lilikuwa na mwenyewe, alisema, na mwenyewe amekuja. Ila aliomba punje chache. Protase akalifungua lile fundo kwa uangalifu, akamchotea konzi mbili, naye akazifunga kwenye leso.

"Uingereza utazifanyia nini, mama?"

"Nitanusa," alisema. "Mimi nimezaliwa hapa Bukoba. Sijui kwingine."

Protase aling'ata punje moja palepale. Ilikuwa yenyewe. Akatoka nje na gunia begani kabla hajamwaibisha mwenye duka kwa machozi yake.

Nyumbani, Felicitas alipotaka kusaga chote kwa sababu ya wingi wa wageni, Protase alikataa. "Nusu," alisema. "Nusu nyingine ina mwenyewe." Hakueleza zaidi. Alizikanyaga ndizi yeye mwenyewe, ingawa magoti yalimlalamikia, akatia unga, akafunika mtumbwi kwa majani ya mgomba na kukaa karibu nao mpaka kesho yake.

Baada ya misa watu walijaa uani. Kibuyu cha kwanza alipewa yeye, mwenye nyumba. Alivuta mrija. Ule utamu ulishuka, na baada ya kumeza ukabaki kooni, vilevile, kana kwamba Klaudia yuko jikoni anawagombeza kuku. Alikuwa ameamini kwamba akiionja tena ladha ile hamu yake itatulia. Haikutulia. Ilimshika upya kama siku ile ya maziko, mpaka akalazimika kumpa Byabato kibuyu ili apate kufuta macho.

Byabato alivuta. Safari hii hakutania. Alivua kofia yake akaiweka magotini, na wengine walipokunywa mmoja baada ya mwingine wakafanya hivyohivyo.

Nusu iliyobaki Protase aliifunga tena kwenye gunia. Alilijaribu lile fundo la Klaudia mara nyingi kabla halijakubali. Akalitundika gunia jikoni juu ya moshi, wadudu wasipopenda, na Felicitas alipouliza akamwambia ukweli: hicho ni kimea cha siku yangu, mama yenu aliniwekea. Felicitas hakupenda maneno hayo, lakini mzee alipoomba afundishwe kuloweka mtama, akamfundisha. Msimu uliofuata ni Protase aliyeamka usiku kuugeuza kwa mikono yake, watu waseme watakavyo.

Ila alikuwa na tabia moja. Kila jioni, kabla ya sala, alikuwa akienda jikoni akalifungua lile gunia, akatoa punje moja, akaing'ata na kusimama pale amefumba macho. Felicitas alimvumilia miezi mingi. Mwishowe jioni moja alimwambia baba mkwe wake:

"Tata, ukiendelea hivi, siku yako itakuta gunia tupu."

Protase aliifunga ile kamba ya mgomba, mizunguko miwili, akairudisha ncha ndani na kuificha.

"Basi itabidi nisichelewe," alisema.