Ukoo wa Masikio Yaliyolala

Kwa Mama Pasi, sungura wa maana alikuwa yule wa hadithi, aliyemzunguka simba akamwacha na aibu yake. Hawa aliowafuga mumewe walikuwa kitu kingine kabisa. Mwili wa duara kama mkate, uso umebonyea kama wa mtu aliyegonga mlango akidhani uko wazi, na masikio, badala ya kusimama kama ya sungura wenzao, yalining'inia mashavuni kama soksi kwenye kamba. Utosini, katikati ya masikio hayo, palikuwa na tuta la manyoya. Mumewe aliliita taji.

"Taji!" Mama Pasi aliguna. "Mfalme gani anakalia kinyesi chake?"

Walikuwa madobi, mume na mke, na nyumba yao ndiyo iliyokuwa kazi yao. Sebuleni meza ya kupigia pasi, uani mabeseni na kamba, nyuma chumba cha kuanikia siku za mvua. Chumba hicho ndicho kilichotekwa. Watoto walipoondoka kwenda kuanza maisha yao, mume, ambaye wateja walimwita Dobi tu, alikijaza vizimba vya sungura, na tangu hapo mvua ikinyesha mashuka ya wateja yalianikwa chumbani kwao, juu ya kitanda, yakiwadondoshea maji wakiwa usingizini. Nguo zilirudi kwa wenyewe zikiwa na unyevu. Mteja mmoja wa siku nyingi alikuta manyoya meupe kwenye koti lake jeusi, akahamia kwa dobi mwingine bila hata kuaga.

Asili ya ukoo huo Dobi aliisimulia kwa yeyote aliyeleta shati. Mteja mmoja alipohama alimwachia dume kubwa, zito, masikio yakiburuzika chini. Dobi akalipenda, ila akatamani lingekuwa dogo la kupakatwa. Akatafuta kijike kifupi chenye masikio ya kusimama, akawaoza. Watoto wakazaliwa wadogo, naam, lakini masikio yote juu. Akawaoza mabinti kwa dume lile lile.

"Binti kwa baba yake," Mama Pasi alisema siku hiyo. "Kwa watu ni laana, kwako wewe ni utaalamu."

Wakaja wenye sikio moja juu na moja chini, kama askari wa barabarani anayeruhusu huku na kuzuia kule. Mama Pasi alicheka mpaka akaunguza kola ya mtu. Dobi hakucheka wala hakukasirika. Aliendelea kuchagua na kuoza, mwaka baada ya mwaka, mpaka akapata alichotaka, kidogo, kinene, masikio yote mawili yamelala. Mama Pasi akawapa jina palepale: Masikio ya Kufa, yale yasiyosikia dawa. Mwenye sikio la kufa hasa, alisema, ni yule anayewafuga.

Siku chama cha wafugaji kilipoleta habari kwamba kitamtuma mkaguzi aamue kama wanastahili kuitwa ukoo, mke akaona mwanya.

"Tupatane," alisema. "Akisema huu ni ukoo kweli, chumba ni chako mpaka nife. Akikataa, siku hiyo hiyo wote wanakwenda kwa mchinjaji. Na usiniletee machozi."

Dobi alimtazama kizimbani kijike wake mzuri kuliko wote. "Ahadi ni deni," akasema.

Mkaguzi alifika kabla hajatarajiwa, na Mama Pasi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kunyoosha mapazia mazito ya ukumbi. Alimpima mgeni kwa jicho moja. Kola imekunjamana kama uso wa mtoto anayelia. Mtu asiyejua kunyoosha kola amekuja kunyoosha wenzake! Dobi, kwa pupa ya kumheshimu mgeni, akatandika taulo safi juu ya meza ya pasi na kumweka kijike hapo. Ndiyo meza aliyoijua. Kila kitu cha thamani cha watu wengine alikiweka hapo maisha yake yote.

Mkaguzi akapapasa mgongo, akafunua meno, akaligusa taji kwa kidole. "Kichwa kizuri," akasema. Dobi akatabasamu kama bwana harusi.

Ndipo sikio la kushoto likainuka. Liliinuka polepole, likasimama. La kulia nalo likafika nusu ya njia.

"Hili nini tena?" Mkaguzi akauondoa mkono wake. "Sikio la kulala linalala, bwana. Huu si ukoo. Huyu ni sungura wa kawaida, ila amechoka."

Mama Pasi alijua. Siku za joto kali aliwaona mwenyewe wakiyainua masikio kutafuta upepo. Chini ya taulo lile palikuwa na blanketi lililokuwa likinywa moto wa pasi tangu asubuhi. Neno moja lingetosha: mwekeni sakafuni. Akalifikiria neno hilo, kisha akafikiria chumba chake, akaanza kukunja mapazia.

Dobi akamwinua sungura. Kiganja chake kilibaki juu ya taulo kidogo, kimetulia. Akamtazama mkewe, kisha akamgeukia mgeni. "Asante kwa kufika," akasema, akamsindikiza hadi nje.

Aliporudi alichukua kapu kubwa la nguo chafu, akaanza kuwapanga sungura humo mmoja mmoja. Mama Pasi alimwangalia, na dharau ikampanda kama kawaida yake.

"Mwanamume mzima! Unaambiwa sungura wako wamechoka, unasema asante! Kwa nini hukumwambia meza ina moto?"

Maneno yakishatoka hayarudi. Aliyasikia yakiwa tayari nje.

"Mimi nimejua nilipoigusa," Dobi alisema, akifunga kifuniko cha kapu kwa kamba. "Wewe ulikuwa unajua. Ningemwambia, angeniuliza mbona mke wako amenyamaza. Ningemjibu nini?"

"Sasa..."

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Mama Pasi alihisi uso unamwaka kwa aibu. "Basi warudishe," akasema, na sauti haikuwa yake. "Nimesema warudishe. Sikitaki hicho chumba."

"Tulipatana."

"Baba watoto!"

Dobi akalikumbatia kapu kwa mikono miwili, akalipandisha kifuani, akasimama mlangoni.

"Nifungulie," akasema. "Mikono yangu imejaa."

Na Mama Pasi akamfungulia.