Panga Lililozunguka Mashamba

Siku bibi shamba, afisa kilimo wetu, alipotandika orodha yake mezani katika ofisi ya ushirika, mashamba kumi na tisa yalikuwa yamekwisha kupatwa na mnyauko wa migomba. Ndizi ziliiva kabla ya kukomaa, na shina likikatwa lilitoa utomvu wa njano kama usaha. Wilaya ya jirani ilikuwa imeyazuia malori yetu. Ugonjwa usipokomeshwa upesi, soko la mjini lingetafuta ndizi kwingine, na soko likishahama halirudi kwa kubembelezwa.

Bibi shamba alizisoma tarehe za orodha mbele ya mkutano. Kila shamba liliugua wiki tatu au nne baada ya mdogo wangu kulipogoa. Mdogo wangu huyo watu humwita Wembe, kwa kuwa hakuna mwingine katika kata yetu aondoaye majani makavu na machipukizi ya ziada kwa usafi kama yeye. Katika bonde zima lilisalimika kweli shamba moja tu, la Bwana Kesho, ambaye hajawahi kumwita mpogoaji kwa sababu hajawahi kukumbuka.

"Mnaona?" Bwana Kesho alisema, amekunja mikono. "Mliniita mvivu. Kumbe mimi ni mtaalamu wa kinga!"

Watu walicheka, kisha wakamgeukia Wembe, na kicheko kikaisha.

"Panga lako ndilo lililotumaliza," alisema mama mmoja muuza ndizi. "Unatoka kwa mgonjwa unaingia kwangu bila hata kulifuta!"

"Nalifuta, mama. Kwa kitambaa."

"Kitambaa! Haya, jamani, tumepona!"

Bibi shamba alieleza kwamba kitambaa hakiui kitu. Panga hutakaswa kwa moto kila baada ya shina moja. Lakini hoja ilikwisha kutolewa: Wembe asikanyage tena shamba la mtu. Mdogo wangu hana ardhi. Watoto wake wanne wanalishwa na panga lile. Nami, kwa kuwa nilikuwa mwenyekiti, ndiye niliyepaswa kuitisha kura.

"Kabla ya kura," bibi shamba alisema, "nataka kujua panga liliupata wapi ugonjwa. Orodha yangu haina mwanzo. Wembe, shamba la kwanza lilikuwa la nani?"

Alitazama sakafu. "Sikumbuki."

Alikumbuka vizuri. Miezi miwili nyuma niliona mgomba mmoja nyuma ya nyumba yangu umenyauka majani. Tangazo la ugonjwa nilikuwa nimelisoma. Mimi mwenyewe ndiye niliyelibandika mlangoni pa ofisi. Hata hivyo nilimwita Wembe, nikamwambia ni kiu tu, aukate, aufukie, asimwambie mtu; ndiyo maana shamba langu halikuwamo katika orodha. Siku ileile alikwenda kupogoa kwa jirani. Nilijiambia kwamba nalilinda soko. Nilikuwa nalilinda jina langu.

Nilisimama. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na ulimi haujapata kuniwia mzito kiasi kile.

"Andika shamba langu," nilisema. "Tarehe tatu. Nilimwamuru anyamaze."

Yule mama muuza ndizi alinigeukia. "Mwalimu, wewe ulimchapa mwanangu kwa kuficha daftari."

"Nilimchapa."

Kura haikupigwa. Bibi shamba aliagiza shamba langu ling'olewe lote, migomba mia mbili na kumi, na lisipandwe ndizi kwa miezi sita. Wembe ndiye angeikata, akiliunguza panga kila shina, na wenye mashamba waje kutazama, ili wajue la kumdai watakapomwita. Uenyekiti niliukabidhi palepale.

Kesho yake asubuhi Wembe alikuja na jiko la mkaa. Watu walijipanga kando ya uzio, wakiwa wamekwisha kuchovya viatu katika maji ya dawa. Alikata shina la kwanza, akalilaza panga juu ya mkaa. Nilinyoosha mkono nilichukue panga nimpatie, tuendelee na shina la pili.

"Bado, kaka," alisema. Maishani mwake hakuwahi kunikataza neno. "Halijapata moto. Rudi nyuma usubiri."

Nikarudi nyuma.