Maji Hayajakomaa

Mume wangu hamuuzii samaki mtu asiyemridhisha. Anakuhoji kwanza kama baba aliyeletewa posa. Tangi lako lina lita ngapi? Unaliweka wapi? Nani mwingine anaishi humo? Ukimwambia una bakuli la kioo, zuri, la kuweka juu ya kabati, anakutumbulia macho kisha anakuonyesha mlango. Nimemwona akimnyang'anya mwanamke mzima mfuko wa samaki aliokwisha kuulipia. Wateja wanamwita Fundi kwa sababu matangi anayatengeneza mwenyewe, kioo kwa kioo, na mimi nimezoea kumwita hivyo hivyo. Zamani nilijivunia ukali wake huo.

Anaowapenda kuliko wote ni wale samaki wa dhahabu wenye matumbo ya duara na mikia mirefu kuliko miili yao. Wazuri, lakini wazito wa kuogelea, na wanachafua maji kupita kiasi. Nyumbani tulikuwa nao watatu, ndani ya tangi la lita mia nne lililomeza ukuta mzima wa chumba cha pili, pamoja na ndoo, mipira na mapipa ya maji. Tuna vyumba viwili, na sebule ambayo ukinyoosha miguu unapiga mlango teke. Hatukujaliwa watoto. Baba mkwe aliugulia katika chumba hicho cha pili miezi minane mpaka akakata roho. Mwezi uliofuata Fundi akaleta tangi, nami sikuona ubaya. Hiyo ni miaka sita iliyopita.

Jumapili moja mchana wifi yangu alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kuchelewa.

"Kaka, mimi nimefika mwisho," alisema. "Kwangu tuko tisa. Mama analala koridoni, pale juu ya ngazi, na kila anayekwenda chooni anamruka. Juzi alijikwaa, bahati yake akashika ukuta. Na chakula je? Wanangu unawajua. Mpaka mama afike mezani, sufuria limeshakwanguliwa."

"Mama atakuja hapa," Fundi akajibu. "Ni mama yangu."

"Lini?"

"Nipe wiki sita."

Akamweleza, taratibu, kama anavyoeleza dukani. Lile tangi kubwa lazima litoke chumbani. Atatengeneza dogo, la lita mia mbili, likae chini ya dirisha la sebule. Chini ya hapo kwa samaki watatu wa aina hii ni kuwaua. Lakini tangi jipya halipokei samaki siku hiyo hiyo. Maji lazima yakomae. Kuna wadudu wadogo mno, wasioonekana kwa macho, ambao hula uchafu wa samaki, na wadudu hao huchukua wiki sita kuzaliana. Bila wao samaki hufa kwa sumu ya mkojo wao wenyewe.

"Mama ana miaka themanini na moja," wifi akasema. "Wewe unaniambia habari za mkojo wa samaki?"

"Haraka haraka haina baraka, dada."

"Na ngojangoja huumiza matumbo." Akasimama, akachukua mkoba wake, akaniangalia mimi.

Nami, Mungu anisamehe, nikamtetea mume wangu. Nikamwambia wifi kwamba Fundi anaijua kazi yake, na mambo ya samaki tumwachie yeye.

Kazi aliifanya kweli, siwezi kumsingizia. Alikata vioo, akavigandisha kwa gundi iliyonukia siki nyumba nzima, akaacha vikauke. Akachagua mimea. Ile yenye majani laini hakuitaka, kwa sababu samaki hawa huitafuna kama mboga mpaka wabakize vijiti. Akaleta ile ya majani magumu, akaifunga kwa uzi juu ya mawe. Akajaza maji, akatia punje chache za chakula cha samaki zioze ziwalishe wale wadudu. Kila jioni alichota kidogo kwenye kichupa, akadondoshea matone ya dawa ya kupimia, akakiinua kwenye taa. Yakiwa ya kijani, sumu ingalimo. Yakiwa ya njano, maji yamekomaa.

"Bado kijani," alikuwa akisema. Nilitazama, na kweli yalikuwa ya kijani.

Mimi ni fundi cherehani. Nikamshonea mama mkwe mashuka ya njano, rangi aipendayo, na pazia la kufanana. Kila baada ya siku mbili tatu alinipigia simu. Hakumpigia mwanawe, alijua kwamba mwanawe akiwa dukani hapokei.

"Mkwe wangu, maji yanasemaje?"

"Bado, mama."

"Makubwa! Yeye mwenyewe nilimbeba miezi tisa na sikusema bado. Mwambie ayakemee." Akacheka, nami nikacheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, pengine asisikiwe na wajukuu, "Usiku huku nalala nimeshika ukuta, mwanangu. Naogopa zile ngazi."

Nilimfikishia Fundi maneno hayo kama yalivyo. Akaitikia kwa kichwa.

Wiki ya tatu alirudi kutoka dukani amefura. Mteja mmoja alikuwa amechanganya samaki wa duara na wale wembamba wa mkia mmoja, wenye mbio. "Wale wembamba wanakomba kila kitu," aliniambia akimega mkate. "Huyu mzito anakufa njaa na chakula kinatupwa mbele ya macho yake! Halafu kamtilia na samaki mnyonyaji, wa kusafisha kioo eti. Yule mnyonyaji anamparuza ngozi akiwa amelala. Mzito anataka kukaa na wazito wenzake, basi. Mtu gani huyu asiye na huruma?"

"Kama mama yako alivyo kwa dada yako," nikasema.

Akaacha kutafuna.

"Mama angekuwa na mapezi," nikaendelea, maana ulimi wangu ukishaanza haujui kurudi, "ungeshamfuata zamani."

Aliinuka akaenda kupima maji.

Wiki ya nne nikamshauri tumlete mama tu, alale kitandani kwetu, sisi tulale chini sebuleni mpaka hayo maji yakubali. Akasema mama hawezi kuja kukuta nyumba imeparaganyika, na zimebaki wiki mbili tu. Mvumilivu hula mbivu. Nikaliacha hapo. Kusema kweli mgongo wangu nao haukuwa na hamu ya sakafu, na hilo silisahau.

Jumatano ya wiki ya tano, asubuhi, nilikuwa napinda ukingo wa sare ya shule simu ilipolia. Wifi hakunisalimu.

"Ameanguka ngazi," alisema.

Nyonga ilivunjika, na kichwa kilikuwa kimevimba upande mmoja. Hospitali walimlaza wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango. Ijumaa alifumbua macho, akamwona mwanawe amesimama.

"Maji?" akauliza.

"Yako tayari, mama," Fundi akasema. Jioni ya jana yake kichupa kilikuwa kijani.

"Basi nikitoka hapa nakuja."

Jumamosi alfajiri akafariki. Mazikoni wifi alimpa kaka yake mkono, lakini uso hakumpa.

Fundi alifungua duka baada ya wiki mbili. Hakuwa akila vizuri, nikamhurumia, nikaamua siku hiyo nimpelekee chakula cha mchana mwenyewe. Kwa kawaida dukani siendi. Harufu ya chakula cha samaki inanichefua. Nilipofika mlangoni alikuwa na mteja, mwalimu mmoja, jasho linamtiririka.

"Tangi limepasuka asubuhi," mwalimu alikuwa akisema. "Samaki wangu wako kwenye ndoo. Nikinunua hili leo, si mpaka ningoje hizo wiki sita zako?"

"Sita za nini?" Fundi akasema. "Chujio la zamani si unalo? Ile sponji ya ndani, hata ikiwa chafu namna gani, usiioshe. Wadudu wote wanaishi mle. Itie kwenye tangi jipya, jioni hii hii waingize samaki. Wiki sita ni za mtu anayeanza bila kitu."

Mwalimu alishukuru karibu ampigie magoti. Wakabeba tangi pamoja mpaka nje. Fundi aliporudi akanikuta nimesimama na bakuli la chakula mkononi.

"Tangi letu la chumbani," nikamwuliza, "lina sponji ngapi?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo kilichokuwa kisafi.

"Nakuuliza."

"Mbili."

"Za tangu lini?"

"Tangu tulipoliweka."

"Miaka sita." Nikaweka lile bakuli mezani. "Ungeweza kuhamisha samaki siku ile ile gundi ilipokauka."

"Ningeweza."

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akazungumza akitazama sakafu.

"Baba aliishia mikononi mwangu. Wewe ulikuwa unashona, mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza, nikimwosha, miezi minane. Nilijua mama akiingia chumba kile hatoki mzima. Nilitaka wiki sita za kupumua kwanza. Sikusema simtaki. Sikuwahi kusema hivyo."

"Ulisema," nikamjibu. "Kila jioni ulisema, na kile kichupa chako. Na mimi ndiye niliyempelekea mama yako jibu."

Nikamwacha na chakula chake.

Nyumbani nilipita sebuleni bila kuvua viatu. Tangi jipya lilikuwa pale chini ya dirisha, limejaa maji na mimea yake ya majani magumu, bila samaki hata mmoja. Sijui kwa nini nilichota maji kidogo kwenye kichupa, nikadondosha matone kama nilivyokuwa nikimwona akifanya, nikangoja. Yakawa ya njano. Nikaenda chumba cha pili. Wale watatu walikuwa wazima, wanene, wakanijia kiooni wakidhani nimewaletea chakula. Juu ya mapipa yalikuwapo mashuka ya mama, yamekunjwa.

Niliketi pale nikampigia wifi. Nimemheshimu mume wangu miaka kumi na tisa na sijawahi kutoa siri yake nje, lakini hii haikuwa yake peke yake. Simu iliita muda mrefu. Alipopokea hakunisalimu.

"Haya," akasema, "maji yanasemaje?"

Nikamwambia.